Mkataba Unaoishia Mlangoni mwa Duka la Vipodozi

Zipo krimu za kung'arisha ngozi ambazo maelezo yake humtaka mtumiaji avue kwanza pete, mkufu na bangili. Krimu isiguse dhahabu, isiguse fedha, isiguse alumini wala mpira. Anayesoma maelezo hayo hudhani anakumbushwa kutunza vito vyake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linalitaja onyo hilo kuwa moja ya dalili kwamba ndani ya kopo mna zebaki, kwa sababu zebaki ikiigusa dhahabu hushikamana nayo papo hapo. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya analijua hilo bila kusoma popote. Ndiyo sababu humimina zebaki kwenye karai la mchanga wenye dhahabu, akaukanda kwa mikono, kisha akauchoma ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki.

Metali ni ile ile, na mkataba unaoisimamia ni ule ule. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, ukaanza kutumika Agosti 16, 2017. Unagusa machimbo ya dhahabu, viwanda, taka, na moshi wa mitambo ya makaa ya mawe. Unagusa pia sabuni na krimu zinazopangwa rafuni. Kwa muuza vipodozi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa River Road, Nairobi, hata hivyo, mkataba huo ni habari za wajumbe wanaokutana Geneva, hauna uhusiano na kaunta yake. Hilo ndilo linaloniuma. Sheria zinazomlinda mlaji hukomea mpakani. Mikataba ya mazingira huvuka mpaka, lakini hukomea mlangoni mwa duka. Katikati ya vikomo hivyo viwili ndipo kopo lenye sumu linapopita, mchana kweupe, likiwa na bei na risiti.

Kilichomo koponi

Chumvi za zebaki huizuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu na kutukinga na jua. Baada ya wiki chache uso huanza kung'aa, na hapo mteja ameshapatikana. Asichokiona ni kwamba zebaki haikai juu ya ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu, na sehemu kubwa yake huenda kutua kwenye figo. Figo zikidhurika huanza kuvujisha protini: mkojo unatoka na povu, kope zinavimba asubuhi, viatu vinabana jioni. WHO inataja pia vipele, mabaka na makovu, ngozi kushindwa kujikinga na bakteria na fangasi, wasiwasi, sonona, na ganzi ya mikono na miguu. Na madhara hayamwishii aliyejipaka. Zebaki hutoa mvuke chumbani, hushika kwenye taulo, shuka na mto, na mtoto anayebebwa kifuani huipata bila kununua chochote.

Habari hizi si mpya, wala hazikutoka mbali. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha kazi ya madaktari wa Nairobi waliochunguza watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo uitwao nefrotiki. Madaktari hao walifanya jambo dogo lenye akili kubwa: waliwauliza wagonjwa wanajipaka nini. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na miongoni mwa waliofuatiliwa wapo waliopata nafuu baada ya kuziacha. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu, na wajukuu hao wanaweza kuletewa krimu yenye sumu ile ile na bodaboda baada ya kuagiza kwa simu.

Swali ni kwa nini ujuzi uliokuwepo Nairobi mwaka 1972 haukutosha. Sehemu ya jibu iko Ulaya. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake, ikiruhusu tu kiasi kidogo cha kuhifadhia vipodozi vya macho. Ilikuwa sheria nzuri ya kumlinda mlaji, na ilimlinda. Ila viwanda havikufungwa. Sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa Ulaya na kupakiwa melini kuja Afrika, kwa sababu sheria ilimjali anayenunua Ulaya tu. Usafirishaji wa sabuni hizo nje ya Umoja wa Ulaya ulikuja kupigwa marufuku mwaka 2003. Kwa miaka 27 kitu kilichojulikana kuwa sumu kwa ngozi ya mwanamke wa Ulaya kiliendelea kuwa bidhaa ya kuuzia mwanamke wa Afrika.

Umoja wa Mataifa haukuwa kimya muda wote huo. Desemba 1982 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 37/137, likitaka bidhaa iliyozuiwa nyumbani kwa sababu inadhuru afya au mazingira isiuzwe nje isipokuwa nchi inayoipokea imeiomba au imeiruhusu rasmi. Mwaka 1985 ikaja Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kumlinda Mlaji, ambayo mwaka 1999 iliongezewa sehemu nzima kuhusu matumizi yasiyoharibu mazingira, na mwaka 2015 ikapitiwa upya. Nikiisoma miongozo hiyo naona kwamba wazo la kuunganisha ulinzi wa mlaji na ulinzi wa mazingira limekuwepo kwa muda mrefu. Lililokosekana ni nguvu. Miongozo huelekeza, haishurutishi, na mwenye kiwanda anayepata faida habadiliki kwa kuelekezwa.

Walinunua samaki

Jina la mkataba lenyewe linatokana na walaji. Kwenye mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kampuni ya kemikali ya Chisso ilimwaga zebaki kwenye ghuba tangu mwaka 1932 hadi 1968. Mei 1, 1956, hospitali ya kampuni hiyo hiyo iliripoti kwamba kuna ugonjwa wa ajabu: watu wanatetemeka, wanashindwa kutembea, kuona kunafifia, maneno hayatoki. Paka wa mji walikwisha kuonyesha dalili kabla yao. Mwaka 1959 daktari wa hospitali hiyo, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji machafu ya kiwandani, na paka akaugua ugonjwa ule ule. Kampuni ikayaficha matokeo. Serikali ya Japani ilikuja kukiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, miaka 12 baada ya ripoti ya kwanza, na katika kipindi hicho walizaliwa watoto waliodhurika wakiwa bado tumboni, kwa mama ambao wengine walionekana wazima.

Watu wale hawakununua zebaki. Walivua samaki, walinunua samaki, walimpikia mtoto samaki. Hakuna kilichoandikwa kwenye mizani ya muuzaji kuwaambia kilichomo, na aliyekijua alinyamaza. Kwa hiyo tukiita jambo la Minamata uchafuzi wa mazingira tumesema kweli, lakini nusu tu. Lilikuwa pia kosa la kumficha mlaji, na kwa macho yangu kosa hilo la pili ndilo lililoongeza idadi ya wagonjwa baada ya mwaka 1959.

Waandishi wa mkataba walilielewa hilo. Ibara ya 4 inahusu bidhaa zilizotiwa zebaki, na inazitaka nchi wanachama zizuie utengenezaji wake, uingizaji wake na usafirishaji wake kwenda nje. Hapo ndipo mkataba unafanya kile ambacho sheria ya Ulaya ya 1976 haikufanya: unamfuata mtengenezaji kwao, haumsubiri mpakani kwetu. Ibara ya 16 inahusu afya, ya 18 inahusu kuwapa wananchi habari na elimu. Ukizisoma hizo tatu kwa pamoja unaona sheria ya kumlinda mlaji iliyovaa nguo za mazingira.

Na mduara unafunga hapa kwetu pia. Krimu inayooshwa bafuni haiishii bafuni. Inakwenda na maji machafu mpaka mtoni, ziwani au baharini, na huko bakteria wanaibadili kuwa methili-zebaki, aina ile iliyowaua watu wa Minamata. Samaki wadogo wanaibeba, wakubwa wanawala wadogo, na kadiri mlolongo unavyopanda ndivyo sumu inavyorundikana. Mzee asiyejua hata jina la krimu moja anaweza kuikuta kwenye sahani yake.

Kiwango kilichoondolewa

Kiambatisho A cha mkataba kilitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viishe ifikapo mwaka 2020. Sehemu moja kwa milioni ni gramu moja ndani ya tani nzima. Krimu ya gramu 50 iliyo ndani ya kiwango hicho ingekuwa na miligramu 0.05 tu za zebaki. Sasa chukua krimu ambayo asilimia moja yake ni zebaki, na WHO inasema zipo zinazozidi hapo: kopo lile lile la gramu 50 lina nusu gramu. Ni mara elfu kumi ya kikomo. Anayeuza kitu kama hicho hawezi kujitetea kwamba zebaki imeingia kwa bahati mbaya kiwandani. Imetiwa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi.

Tatizo la kiwango lilikuwa kwamba kililazimu maabara. Mkaguzi aliyesimama dukani na kopo mkononi hakuweza kusema lolote mpaka sampuli ipimwe, na muuzaji hodari angeweza kudai bidhaa yake iko chini ya kikomo. Nchi za Afrika zikasukuma hoja kwamba kikomo chenyewe kiondolewe. Kwenye mkutano wa tano wa wanachama, uliofanyika Geneva mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2023, ikakubaliwa: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, kwa kiasi chochote, mwisho wake ni 2025. Naona fahari kwamba ushindi huo ulitoka Afrika, bara lililokuwa jalala la sabuni za Ulaya.

Wasiwasi wangu uko kwenye hatua inayofuata. Uamuzi huo unampa mlaji silaha ambayo hakuwahi kuwa nayo, yaani haki ya kusema neno moja tu: imo au haimo. Lakini silaha hiyo iko kwenye majalada ya ofisi za mazingira, wakati anayeihitaji yuko sokoni.

Ofisi nyingi, kopo moja

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, Kenya mwaka 2023. Fuatilia kopo moja likiingia Dar es Salaam. Mkataba uko Ofisi ya Makamu wa Rais, inayoshughulikia Muungano na Mazingira. Zebaki kama kemikali iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Krimu kama kipodozi iko Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, wakati iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba na vipodozi vikahamishwa. Bandarini kuna Forodha. Bidhaa ikiwa bandia au tangazo likiwa la uongo, ni Tume ya Ushindani, kwa sheria ya mwaka 2003 ambayo ina sehemu ya usalama wa bidhaa na taarifa zake. Mtu akiugua, ni hospitali. Kopo likivuka kwenda Unguja, linakutana na wakala wa chakula na dawa wa huko, ambao ni taasisi nyingine kabisa.

Kila ofisi ina wajibu wake na sina sababu ya kumdharau yeyote. Lakini mama anayekwenda zahanati na miguu iliyovimba hawezi kujua kwamba malalamiko yake yanahusu ofisi zote hizo kwa pamoja. Mfumo ulio sawa ungefanya kazi hiyo kwa niaba yake. Malalamiko yanayopokelewa na wanaomtetea mlaji yangeingia kwenye taarifa ambazo nchi hutuma kwa sekretarieti ya mkataba, ili nchi inayotengeneza iulizwe. Na orodha za bidhaa zilizobainika kwingineko, zinazopitia njia za mkataba, zingefika kwa mkaguzi wa mkoa kabla shehena haijafika.

Kenya ina msingi wa kisheria ambao majirani wengi wangeutamani. Katiba yake ya mwaka 2010, kwenye ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, taarifa anazohitaji, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akidhurika. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 2 inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa maneno mengine, Mkenya aliyeharibiwa figo na krimu anaweza kusimama mahakamani akiwa ameshika vifungu vyote vitatu, na kimojawapo kinamletea Minamata. Tanzania njia ni ndefu kidogo, maana Bunge huridhia mkataba lakini nguvu yake mahakamani hutegemea sheria za ndani. Hata hivyo tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotambua haki ya mazingira safi na salama. Na Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha vipodozi, EAS 377, chenye orodha ya viambato vilivyopigwa marufuku. Vipande vipo. Wa kuvishona pamoja ndiye hajapatikana.

Kwamba inawezekana, Pakistan imeonyesha. Nchi hiyo imekuwa miongoni mwa watengenezaji wa krimu zinazokamatwa sehemu nyingi duniani. Mwaka 2019 wizara yake ya mabadiliko ya tabianchi, siyo wizara ya biashara wala ya afya, ilipima krimu 59 za kung'arisha ngozi, na 56 zilizidi kikomo cha zebaki. Ikayatangaza matokeo hadharani, dhidi ya viwanda vyake yenyewe. Mwaka uliofuata ikaridhia mkataba, na mwaka 2023 ikapata sheria mahususi ya vipodozi. Kilichoanza kama wajibu wa mazingira kikazaa ulinzi wa mlaji. Sisemi kazi imekwisha kule. Nasema mlango ulifunguliwa upande wa pili, na ulifunguka.

Ufilipino wamepita njia ya wananchi. Muungano uitwao EcoWaste Coalition hununua krimu madukani na mitandaoni, huzipima kwa kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei kinachotoa jibu bila kusubiri maabara, hutangaza majina, kisha huzipeleka kwa mamlaka. Mtandao wa kimataifa wa Zero Mercury Working Group umefanya hivyo katika nchi nyingi. Matokeo uliyotoa mwaka 2019 yalihusu bidhaa 158 kutoka nchi 12, na zaidi ya nusu zilikuwa na zebaki kupita kikomo. Kifaa kama hicho kikiwa kwenye vituo vya mpakani vya Namanga, Tunduma na Kasumbalesa, na bandarini Mombasa na Dar es Salaam, mkaguzi hatalazimika kubahatisha.

Rwanda ilichagua msako. Kuanzia mwishoni mwa 2018 polisi na maofisa wa afya walipita madukani na masokoni wakikusanya krimu za kujichubua. Naheshimu uamuzi ule, na najua uliokoa ngozi nyingi. Lakini msako humkuta mwenye meza. Mtaji wa mama aliyenunua makopo kumi na mbili kwa mkopo wa kikoba unamwagwa, na aliyeleta kontena hajulikani hata jina. Sheria ya mlaji ikitumika vizuri hupanda ngazi: muuzaji aonyeshe alikonunua, wa jumla aonyeshe aliyeingiza, aliyeingiza awajibike kwa madhara na gharama za kuiondoa bidhaa sokoni. Na pale aliyeingiza anapokomea, mkataba upokee, maana ndio wenye mkono unaofika kiwandani.

Ambako mkataba haufiki

Itakuwa si haki kuutwika Mkataba wa Minamata kila kitu. Unahusu zebaki peke yake. Krimu nyingi zinazochubua zina haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi ambazo daktari huziandika kwa tahadhari na kwa siku chache. Mnunuzi hajali kemia ya mkataba. Yeye ana kopo moja. Kiwanda kikitoa zebaki na kuongeza steroidi, taarifa ya Geneva itapendeza na ngozi itaendelea kuchanika. Halafu kuna mkorogo: krimu tatu nne zinazochanganywa saluni au nyumbani, zikatiwa kwenye kopo lisilo na lebo, zikatangazwa kwa picha za kabla na baada kwenye Instagram na makundi ya WhatsApp. Hapo hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna kiwanda, hakuna anwani ya kudai. Kazi hiyo ni ya sheria za ndani, na ya sharti moja ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa: mtandao unaopokea pesa za tangazo la kipodozi uwajibike kama duka.

Tatizo hili haliko kwenye ngozi tu. Friji za mtumba zinazoshushwa bandarini, zenye gesi ambazo Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda ozoni na marekebisho yake ya Kigali ya 2016 vinaziondoa au kuzipunguza, zinamwumiza mnunuzi kwa njia ile ile: anapata kitu ambacho kwao kimeshapitwa na wakati, kinachokula umeme, na ambacho fundi hatapata gesi yake. Ofisi ya ozoni inahesabu gesi. Bili inahesabiwa na mwenye nyumba.

Nirudi kwa wanaojipaka. Nimechoka kusikia wakikemewa. Binti anayekwenda kufanyiwa singo kabla ya harusi, mfanyakazi wa hoteli anayeona wanaosimamishwa mapokezi ni weupe, mwanamke aliyeambiwa tangu utotoni kwamba dada yake ni mzuri kwa kuwa ni maji ya kunde: hawa wamezungukwa na maneno na mabango tangu zamani za ukoloni. Kuwafundisha wapende rangi yao ni kazi njema, tuifanye. Lakini hakuna haki ya mlaji inayosema kwamba mwenye kutamani kitu kisicho cha lazima anastahili kuuziwa sumu. Anayenunua rangi ya kucha ana haki sawa na anayenunua unga wa sembe.

Kwa aliye na kopo nyumbani sasa hivi, soma orodha ya viambato. Zebaki huandikwa kwa majina yanayojificha: mercurous chloride, calomel, ammoniated mercury, mercuric iodide, mercurio, au herufi mbili tu, Hg. Ukikuta lebo haina orodha kabisa, au inakutaka uvue vito, usijipake. Kama umeshaitumia, mwambie daktari wazi, hata asipouliza, na umwombe apime mkojo. Wauguzi wa kliniki za figo na za wajawazito nao waliongeze kwenye fomu swali la madaktari wa Nairobi: unajipaka nini? Jibu lisibaki kwenye faili la mgonjwa, bali lifike TBS, na kutoka hapo lifike kwa wanaoandika taarifa ya mkataba.

Linabaki kopo lenyewe, limetumika nusu. Ukilitupa chooni, zebaki inaingia kwenye maji ya ardhini. Ukilichoma na takataka, inapaa mvuke na wa kwanza kuivuta ni wewe. Ukimpa shoga yako, umempa ugonjwa. La kufanya kwa sasa ni kulifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na watoto na chakula. Ila huwezi kulitunza milele chini ya kitanda. Ibara ya 11 ya mkataba inazitaka nchi zishughulikie taka za zebaki kwa njia salama, na haki ya mlaji inasema bidhaa yenye hitilafu hurudishwa. Ziunganisheni hapo kwanza: duka lililouza lipokee kopo na kurudisha pesa, aliyeliingiza nchini alipie, na serikali ya wilaya iwe na pipa lenye kufuli la kuyaweka makopo hayo mpaka yatakapokusanywa.